Tuwafundishe Watoto Wetu Kukimbia

Masika yakiisha katika milima ya Uluguru, njia hukauka na uwanja wa shule huanza kufaa tena. Wakati huo ndipo michezo ya shule za msingi inapokaribia. Siku hizi michezo hiyo huitwa UMITASHUMTA. Huanza shuleni, kisha katani, kisha wilayani, kisha mkoani, hata taifa. Watoto wa Mgeta, wa Matombo, wa Kinole na wa Mkuyuni hujiandaa kushindana.

Basi kijiji huamka. Filimbi hulia asubuhi, hulia tena jioni. Watoto hukimbizwa kwa wiki mbili mfululizo. Wakishinda, tunawashangilia. Wakishindwa, tunasema ni wavivu. Halafu filimbi hurudi kabatini mpaka mwaka ujao.

Mimi pia nilifanya hivyo. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima, lakini jioni, kabla ya darasa la kisomo, nilipenda kuwasaidia watoto uwanjani. Sikuwa nimejifunza kazi hiyo. Nilidhani kwamba anayejua kukimbia anajua pia kufundisha mbio. Nitaeleza kwanza kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nitafute elimu hii.

Goti la mtoto mmoja

Katika kijiji kimoja cha mlimani alikuwako mvulana wa miaka 13. Alilelewa na bibi yake. Alikuwa na mbio kuliko wenzake wote. Mwaka ule alirefuka upesi sana, hata suruali yake ya shule ikawa inaishia juu ya vifundo vya miguu. Tulimtegemea atuletee ushindi.

Siku moja aliniambia, "Mwalimu, goti linaniuma." Alinionyesha mahali penyewe. Palikuwa chini kidogo ya pia ya goti, palipo na kinundu cha mfupa. Nilipabonyeza, akaruka kwa maumivu.

Mimi nilimwambia akaze moyo. Nikamsimulia habari za John Stephen Akhwari. Huyu ni Mtanzania aliyekimbia mbio ndefu za marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia goti. Hakuacha. Alifika uwanjani usiku, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, lakini dunia yote inamkumbuka. Nilimwambia yule mtoto, "Nawe fanya kama Akhwari."

Mtoto akakimbia. Alikimbia wiki ile na wiki iliyofuata. Katika mashindano ya kata alitoka uwanjani akichechemea. Baada ya hapo hakuweza kuchuchumaa wala kupiga magoti. Hakuweza kupanda shambani wala kuteremka na mkungu wa ndizi.

Bibi yake alinijia nyumbani. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akakaa kimya. Mwishowe akasema, "Nilikupa mtoto mwenye miguu miwili. Umenirudishia mwenye mmoja." Sikuwa na jibu.

Tulikwenda naye zahanati. Mganga alitueleza vizuri, nami nitawaeleza kama alivyotueleza.

Mfupa wa mtoto hukua namna gani

Mfupa wa mtu mzima ni mgumu tangu ncha hadi ncha. Mfupa wa mtoto haujawa hivyo. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini. Sehemu hizo ndizo zinazoufanya mfupa urefuke. Mtoto akimaliza kukua, sehemu hizo hugeuka kuwa mfupa mgumu.

Misuli mikubwa ya paja imeshikamana na mfupa wa ugoko kwa kano ngumu, iliyo kama kamba. Kano hiyo hupita juu ya pia ya goti. Hushika pale kwenye kinundu nilichokitaja. Kila mara mtoto anapokimbia au kuruka, kamba hiyo huvuta. Kwa mtu mzima, kamba huvuta mfupa mgumu. Kwa mtoto, huvuta mahali palipo laini bado. Ikivuta mno, kila siku, bila ya kupumzika, pale pataumia na kuvimba.

Hatari huwa kubwa zaidi wakati mtoto anaporefuka upesi. Wasichana huanza kurefuka hivyo mapema, wengi kati ya miaka 10 na 13. Wavulana hufuata baadaye, wengi kati ya miaka 12 na 15. Wakati huo mifupa hutangulia na misuli huchelewa. Misuli inakuwa kama kamba ya mbuzi iliyofupishwa, imekazwa muda wote.

Kwa hiyo utamwona mtoto aliyekuwa mwepesi mwaka jana amekuwa mzito mwaka huu. Anajikwaa. Mikono yake haijui iende wapi. Usimwite mvivu. Mwili wake ni mpya, naye anajifunza kuutumia.

Dawa ya goti lile ilikuwa kupumzika. Halikuhitaji kuchanjwa wala kukandwa kwa nguvu. Lilihitaji kuacha mbio na kuruka mpaka maumivu yatulie, na baadaye kurudi polepole. Yule mtoto alipona, lakini ilichukua miezi mingi. Siku hizi anapanda mlima kama kawaida. Uwanjani hakurudi tena, nami sikuthubutu kumwita.

Akhwari alikuwa mtu mzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kuendelea. Mtoto wa miaka 13 hajui kuamua jambo hilo. Anafuata anayoambiwa na mkubwa.

Anayeshinda leo na anayechelewa

Chukua watoto wawili wenye miaka 13. Mmoja amekwisha balehe, ana kifua kipana na sauti nzito. Mwingine bado ni mdogo. Wakishindana, wa kwanza atashinda. Sisi tutasema huyu ana kipaji na yule hana. Yule mdogo tutampa kazi ya kushika nguo za wenzake.

Hapo tumekosea mara mbili. Wa kwanza ameshinda kwa sababu amekua mapema. Baada ya miaka mitatu wenzake watamfikia, na kama hakufundishwa vizuri atashangaa kwa nini hashindi tena. Wa pili huenda ndiye mkimbiaji wa kweli, lakini tumekwisha mfukuza.

Tazameni wakimbiaji wetu wakubwa. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, Tanzania ilipata medali mbili za fedha. Moja aliipata Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Alikuwa na miaka 27. Ya pili aliipata Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Naye pia alikuwa na miaka 27, ingawa alikuwa ameanza kujulikana duniani mapema zaidi. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989, hali amekwisha pita miaka 30. Alphonce Simbu wa Singida alipata medali ya shaba ya dunia katika marathoni jijini London mwaka 2017. Mwaka 2025, jijini Tokyo, akawa bingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 33. Alimshinda Mjerumani kwa tofauti ndogo sana, pungufu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, baada ya kukimbia zaidi ya kilomita 42. Hakuna Mtanzania aliyewahi kupata medali ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha kabla yake.

Miaka 33! Yaani miaka 20 zaidi ya mtoto wetu wa darasa la saba. Kama mtu angalimvunja goti Simbu akiwa na miaka 13, tusingalilisikia jina lake.

Jinsi ya kupima uwanja

Mazoezi mazuri yanataka umbali unaojulikana. Hapa kwetu uwanja hupimwa kwa hatua, na hatua za watu si sawa. Mwaka mmoja mtoto wetu alikimbia mita 1,500 kwa dakika tatu na nusu. Tulifurahi, tukampigia makofi. Usiku, nikiwa kitandani, nikakumbuka kwamba hizo ni mbio za kukaribia rekodi ya dunia. Asubuhi nilikwenda kuupima uwanja kwa kamba. Ulikuwa mfupi mno.

Fanyeni hivi. Fundi cherehani ana utepe wa kupimia. Utepe huo una sentimita 150. Utumieni kupima kamba ya katani ya mita 10. Kamba hiyo ndiyo itakayopima uwanja. Tafuteni mahali penye urefu wa mita 90 na upana wa mita 40 hivi. Uwanja wa mpira unatosha.

Pigilieni kigingi katikati ya uwanja, upande mmoja. Kutoka hapo pimeni mita 50, moja kwa moja kufuata urefu wa uwanja. Pigilieni kigingi cha pili. Sasa kateni kamba nyingine, yenye urefu wa mita 15 na sentimita 90. Ncha moja ifungeni kwenye kigingi cha kwanza. Mtu mmoja ashike ncha ya pili, aivute mpaka inyooke. Azunguke upande wa nje, nusu duara tu, huku mwenzake akimwaga majivu nyuma yake. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwenye kigingi cha pili. Mwisho, unganisheni nusu duara zile mbili kwa mistari miwili iliyonyooka.

Kila mstari una mita 50. Miwili ni mita 100. Nusu duara mbili pamoja ni mita 100. Mtoto akikimbia juu ya mstari huo mzunguko mmoja, amekimbia mita 200. Mizunguko minne ni mita 800. Saa ya kupimia siku hizi imo hata katika simu ndogo.

Najua kwamba vipo vijiji vya Uluguru ambavyo havina mita 90 za ardhi tambarare. Nimefundisha katika kijiji ambacho mpira ukitoka nje ya uwanja huteremka mpaka mtoni. Huko tafuteni kipande cha njia chenye mita 60, kipimeni kwa kamba, wekeni jiwe mwanzo na jiwe mwisho. Kinatosha kuanzia.

Kugawa pumzi

Watu wazima wa kwetu hupenda kuwaambia watoto, "Kimbia kama Bayi!" Wana maana kwamba mtoto atoke mbele tangu mwanzo. Ni kweli kwamba Filbert Bayi alikimbia hivyo. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alishika uongozi wa mita 1,500 tangu mwanzo. Hakuna aliyempita mpaka mwisho. Alitumia dakika 3, sekunde 32 na kidogo. Ikawa rekodi mpya ya dunia. John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alikuwa wa pili, naye pia alivunja rekodi ya zamani. Mwaka 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya dunia ya maili moja.

Lakini Bayi alikuwa amefanya mazoezi kwa miaka mingi. Alijua pumzi zake zinafika wapi. Mtoto asiyejua atakimbia mbio za paka katika mzunguko wa kwanza, na katika wa tatu atatembea.

Mpeni hesabu aione mwenyewe. Tuseme msichana amekimbia mita 800, yaani mizunguko minne. Mzunguko wa kwanza ametumia sekunde 36. Wa pili sekunde 43. Wa tatu 50. Wa nne 51. Jumla ni sekunde 180, yaani dakika 3. Wiki inayofuata, mwambieni aanze polepole. Sasa anapata 43, kisha 44, kisha 45, na mwisho 42. Jumla ni sekunde 174. Amepunguza sekunde 6 bila ya kuongeza nguvu hata kidogo. Alichofanya ni kuigawa vizuri ile aliyokuwa nayo. Mtoto akiiona hesabu hiyo haisahau.

Mlima

Watu husema watoto wa mlimani wana mapafu makubwa. Kuna ukweli ndani yake. Mji wa Morogoro uko chini, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu katika Uluguru kinapita mita 2,600. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na mwili uliozoea hewa hiyo huitumia vizuri. Bayi alitoka Karatu, na Akhwari alitoka Mbulu. Kote kuwili ni nchi ya juu.

Lakini mlima peke yake haumfanyi mtu kuwa mkimbiaji. Nasi hatuutumii vizuri. Kupanda kwa mbio kunajenga misuli ya paja, ya nyonga na ya shavu la mguu, na mguu haugongwi sana na ardhi. Kuteremka kwa mbio ni kinyume. Kila hatua inakuwa kishindo, na goti ndilo linalokipokea. Watoto wetu hupenda sana kuteremka mbio, kwa kuwa ni raha. Wafundisheni kupanda kwa mbio fupi, mita 40 au 50, kisha kurudi chini kwa kutembea. Mara nne au tano zinatosha kwa mtoto wa miaka 12.

Kazi ya nyumbani ni zoezi pia

Wataalamu wengi wa michezo ya watoto hutoa kipimo chepesi. Saa za mazoezi katika wiki zisizidi miaka ya mtoto. Mtoto wa miaka 10 asizidi saa 10, na humo mpira wake umo. Tena awe na siku moja au mbili za kupumzika kabisa.

Kipimo hicho ni kizuri, lakini nadhani aliyekitunga hakuwahi kuishi Uluguru. Mtoto wa huku huamka alfajiri akachota maji bondeni. Huenda shule kwa kupanda na kushuka. Jumamosi hulima, au hubeba ndizi na viazi mpaka barabarani yalipo magari. Kazi hiyo yote inafanywa na miguu ileile. Kwa hiyo mimi nashauri siku tatu tu katika wiki, saa moja kila siku. Siku ambayo mtoto ametoka kubeba mzigo, mwacheni akae atazame wenzake.

Saa hiyo moja igawanywe. Kwanza watoto watembee haraka na kukimbia polepole kwa dakika 10, warukeruke, wazungushe mikono, mpaka mwili upate moto. Kwetu Mgeta asubuhi ni baridi, na msuli wa baridi huchanika upesi. Kisha yafuate mazoezi ya siku. Mwisho wakimbie polepole, halafu watembee, mpaka pumzi zirudi.

Watoto chini ya miaka 12 wasichaguliwe mchezo mmoja. Wakimbie, waruke, warushe, wapokezane vijiti. Kijiti ni kipande cha mwanzi chenye urefu wa sentimita 30, kilicholainishwa kwa msasa. Kwa kuruka chini, chimbeni shimo refu mkalijaze mchanga wa mtoni, na kila siku kabla ya kuruka mlichambue kwa mikono kutoa mawe na vigae. Kuruka juu kwa kuangukia mgongo msiwaruhusu kama hakuna godoro nene, kwa sababu shingo huweza kuvunjika. Katika kurusha, wote wasimame nyuma ya mstari mmoja, na hakuna anayekwenda kuokota mpaka wote wamerusha.

Viatu si lazima. Mtoto aliyezoea kukimbia peku juu ya majani anakimbia vizuri. Lakini mtazameni nyayo. Mwenye funza au kidonda hawezi kukanyaga sawasawa, atalemea mguu mmoja, na ule wa pili utaumia.

Chakula

Mtoto aliyekunywa chai kavu asubuhi na hakula mchana hana nguvu za mbio za jioni. Akikimbia, mwili utakula misuli yake wenyewe. Ndizi, mihogo na ugali vinampa nguvu. Maharage, dagaa, karanga, mayai na maziwa vinajenga misuli na mifupa. Mchicha, kisamvu na maharage vinaongeza damu, hasa vikiliwa pamoja na chungwa au pera. Vyote hivi tunavyo. Mara nyingi tunaviuza vyote sokoni, halafu tunashangaa kwa nini watoto wamepauka. Ale chakula kizito saa mbili au tatu kabla ya mbio. Maji safi anywe kabla na baada, na katikati pia akihisi kiu.

Mtoto mwenye homa asikimbie hata kidogo. Malaria hupunguza damu. Akipona, mpeni siku kadhaa za kula na kupumzika kabla hajarudi uwanjani. Mwenye kukojoa damu apelekwe zahanati akapimwe kichocho.

Wasichana

Zamani, katika milima yetu, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani kwa muda mrefu. Siku hizi anaendelea na shule, lakini wazazi wengi bado humtoa uwanjani. Husema mbio zitamharibu asizae. Hilo si kweli. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville, Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki. Aliiletea heshima nchi iliyokuwa na umri wa miaka michache tu.

Siku za hedhi msichana anaweza kukimbia kama anajisikia vizuri. Kama ana maumivu, apumzike, wala asiulizwe mbele ya wavulana. Lakini kama alikwisha anza kupata hedhi, na sasa imekatika kwa miezi mitatu, msinyamaze. Huenda mazoezi ni mengi na chakula ni kidogo. Sababu nyingine pia zipo. Mama yake au bibi yake ampeleke kituo cha afya.

Wazazi wana hofu nyingine, na hofu hiyo ni ya haki. Wanaogopa msichana kubaki jioni na mwalimu mwanamume. Jibu lake ni utaratibu. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi. Pawepo mwanamke mmoja wa kijiji, siku zote. Wasichana warudi nyumbani kwa kundi kabla ya giza. Mwalimu asiyekubali utaratibu huo asipewe watoto.

Daftari

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tuna kazi hapa. Katika darasa letu tulinunua daftari moja la mistari. Kila mtoto ana ukurasa wake. Juu tumeandika jina lake na mwaka aliozaliwa. Chini tumepiga mistari tukapata safu tano. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni zoezi alilofanya. Ya tatu ni muda aliotumia. Ya nne ni kazi aliyofanya nyumbani siku ile. Ya tano ni maumivu, kama yapo, na mahali yalipo.

Mara moja kwa mwezi tunampima kimo. Anasimama peku, mgongo ukutani, tunaweka kitabu juu ya kichwa, tunapiga alama. Akiwa ameongezeka sentimita moja kwa mwezi mmoja, na tena mwezi wa pili, tunajua kwamba anarefuka upesi. Tunampunguzia kuruka na mbio za kasi.

Kanuni tuliyoiandika kwenye jalada ni hii. Maumivu ya misuli yanayoisha kwa siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, penye mfupa au kiungo, yanayorudi kila akikimbia, mtoto anasimama. Yakizidi wiki mbili, au pakivimba, au akichechemea, anakwenda zahanati. Akitegua kifundo, siku ile tunatia mguu katika maji baridi ya mtoni kwa dakika 15 au 20, tunaufunga kwa kitambaa bila ya kuukaza sana, tunauinua juu ya kigoda. Hatuukandi kwa maji moto wala hatuuvuti.

Daftari hushikwa na mama mmoja wa darasa la kisomo. Alijifunza kuandika akiwa na wajukuu. Huandika polepole, kwa herufi kubwa, naye ndiye mwanamke anayekaa uwanjani mpaka watoto waondoke. Mwaka jana, siku tatu kabla ya mashindano ya kata, nilimwita msichana wetu mwenye mbio kuliko wote apange mstari. Yule mama alifungua ukurasa wa msichana huyo akaninyoshea. Katika safu ya tano palikuwa na neno moja, GOTI. Lilikuwa limeandikwa Jumatatu, na tena Jumatano.

Hakukimbia mwaka ule. Shule ilikuwa ya nne katika kata, na wazee kadhaa walininung'unikia. Mwezi wa tisa goti lilikuwa limepoa, akaanza tena na mizunguko miwili ya polepole. Sasa yuko kidato cha kwanza, na ukurasa wake tumempa aende nao.